Kuku ya frigo: nyama inafika kwetu, uchafu ulibaki kwa nani?

Kwenye soko kubwa la Kisangani, ku Mangobo, ku Kabondo, hata ku Lubunga ng'ambo ya mto, mapaja ya kuku ya frigo yako kila siku. Yanauzwa pembeni ya mpiodi, kwa kipande ao kwa kilo. Mama mwenye watoto sita ananunua vipande vitatu, anavikata, anaweka mchuzi, na watoto wanakula lituma wanashiba. Kuku ya kienyeji yenyewe tunaichungia mgeni, mahari ao sikukuu, juu bei yake haifanane na makuta ya kila siku.

Ndugu zetu wachimbaji wa Bafwasende na wa Banalia wanajua vile maneno iko. Kule kwenye karie frigo haiko: watu wanakula samaki ya chumvi, sombe na nyama ya pori. Lakini siku mchimbaji anashuka mjini na kitu mfukoni, familia inakula kuku. Na kwa mara mingi, ile kuku haikuzaliwa Congo.

Ni jambo la kushangaza kidogo. Soma karatasi ya kartoni: Brazil, Marekani, nchi za Ulaya. Ile nyama ilivuka bahari, ikashuka Matadi, ikafika Kinshasa. Kutoka Kinshasa mpaka kwetu kwa mto ni zaidi ya kilometa 1,700. Njiani kote lazima ikae kwenye baridi, la sivyo inaoza. Na kisha safari hii yote, bado bei yake iko chini kuliko kuku iliyokua ku Lubunga na kuvuka mto kwa mtumbwi. Juu ya nini?

Jibu la kwanza ni kwamba wazungu wengi wanapenda kidari. Wanakilipa bei kubwa, na paja linabaki kama kitu cha kuuza haraka, bei yoyote. Jibu la pili ni mbio. Kuku ya kienyeji inahitaji karibu miezi sita ili ifike kwenye sufuria. Kuku ya kiwanda inachinjwa kisha wiki sita, mara hata kabla. Jibu la tatu ni wingi: nyumba moja inabeba kuku 20,000 ao zaidi, watu wachache wanazichunga, na mashine inagawa chakula na mayi.

Iko jibu la nne, ambalo haliandikwe kwenye kartoni. Kuna kitu ambacho mwenye kiwanda hakuhesabu kwenye bei yake. Ndicho tunataka kuongelea leo.

Hesabu mbili za shimo

Wasomaji wetu wa karie hawana haja ya darasa juu ya jambo hili. Kila shimo liko na hesabu mbili. Hesabu ya kwanza ni ya dhahabu ao ya almasi: gramu ngapi, karati ngapi, PDG anachukua nini, wachimbaji wanagawana nini, negosia analipa ngapi. Hesabu ya pili ni ya kinachobaki: mashimo yaliyo wazi, mayi yaliyogeuka rangi ya udongo, zebaki iliyomwagika pale watu walisafishia mchanga, samaki zilizokimbia. Dhahabu inaenda mbali. Ile hesabu ya pili inabaki kwa kijiji.

PDG ambaye anajaza mashimo yake na kulinda kijito anapata faida kidogo kuliko jirani yake ambaye anaacha kila kitu wazi. Kwa sokoni, dhahabu yao inafanana. Hakuna negosia atauliza ni nani aliharibu mayi.

Kiwanda cha nyama kinafanya kazi vilevile, na kinachobaki kwake ni mavi. Kuku 1,000 zilizofugwa wiki sita zinaacha karibu tani moja ya mavi iliyochanganyika na maranda ya kulalia. Piga hesabu ya nyumba ya kuku 20,000, ambayo inajazwa mara tano ao sita kwa mwaka. Kisha weka nyumba kumi pembeni yake. Nguruwe nazo ni zaidi: nguruwe moja kubwa inatoa uchafu kupita mtu mzima mara kadhaa, na kuko mafamu yenye nguruwe elfu na elfu chini ya dari moja.

Kwetu, kuku kumi za nyumbani zinatembea kwenye kiwanja. Mavi yake inaanguka chini ya ndizi, mvua inaiingiza kwenye udongo, ndizi inakula. Hakuna anayeona uchafu pale. Kwa kiwanda mambo yanabadilika, juu chakula cha zile kuku hakikutoka kwenye udongo ule. Kilitoka mbali, mara mingi kwa meli. Basi udongo wa nchi moja unanyonywa ili kuotesha chakula, na nchi ingine inapokea mavi kupita vile udongo wake unaweza kula. Mavi yenyewe haiko sumu. Wingi wake mahali pamoja ndio unageuka sumu.

Vile ilikuwa kwa wengine

Bretagne ni jimbo la magharibi ya Ufaransa, kando ya bahari. Ni nchi ya wakulima wadogo zamani. Tangu miaka ya 1960, serikali na makampuni walisukuma ufugaji wa viwanda, na leo zaidi ya nusu ya nguruwe zote za Ufaransa ziko pale, kwenye sehemu ndogo tu ya ardhi ya kilimo ya nchi. Mavi inamwagwa kwenye mashamba. Mashamba yanashindwa kuimeza yote, mvua inaichukua mpaka kwenye mito, mito inaifikisha baharini. Kule inalisha majani ya kijani ya mayi, ambayo yanaota kwa wingi na kulala kwenye fukwe kila mwaka tangu miaka ya 1970.

Yale majani yakioza, yanatoa gazi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikiwa nyingi, inaua. Mwaka 2009, farasi ilikufa kwenye ufukwe wa Saint-Michel-en-Grève, na mwenye kuipanda akapoteza fahamu. Mwaka 2011, nguruwe pori 36 zilikutwa zimekufa kwenye mdomo wa mto Gouessant. Katika mwaka ule wa 2009, mahakama ya rufaa ya Nantes ilisema kwamba serikali yenyewe iko na kosa, juu haikusimamia sheria za kulinda mayi. Tuelewe vizuri: hii ni nchi tajiri, yenye mainspekta, maabara na barabara. Nayo ilishindwa.

Tuvuke bahari mpaka Marekani, jimbo la North Carolina. Kule, mavi ya nguruwe inasukumwa kwa mayi mpaka kwenye mabwawa makubwa ya wazi, na inakaa pale kungojea kumwagwa kwenye mashamba. Mchimbaji ambaye aliona bwawa la mayi machafu la karie anaweza kuwaza vile iko. Mwaka 1995, ukuta wa bwawa moja ulipasuka: karibu lita milioni 95 za mavi na mkojo zilimwagika, zikafika kwenye mto New River, na samaki zikafa kwa wingi. Mwaka 1997 jimbo lilisimamisha ujenzi wa mabwawa mapya ya namna ile. Lakini yale ya zamani yalibaki, na mwaka 1999 kimbunga Floyd kilifurisha mito, mabwawa yakafunikwa, uchafu ukatembea mpaka kwenye visima vya watu. Wengi wa majirani wa mafamu yale ni watu weusi na masikini. Hawakuchagua kukaa pembeni ya mavi. Mavi ndiyo ilikuja kukaa pembeni yao.

Uholanzi, inchi ndogo ambayo inauza nyama na maziwa kwa dunia nzima, ilifika mwisho wa njia kwa namna ingine. Mavi ya wanyama inatoa amonia, gazi kali ile unasikia ndani ya pua ukiingia kwenye nyumba ya kuku ambayo haikusafishwa. Ile gazi inapanda hewani, kisha inashuka kwenye misitu na kuharibu udongo. Tarehe 29 Mei 2019, Baraza la Serikali la Uholanzi lilisema kwamba njia ya kugawa ruhusa mpya haikulinda mapori ya nchi kama sheria inavyoomba. Miradi mingi ilisimama, hata ya kujenga barabara na nyumba. Wakulima walipinga kwa matrakta njiani. Mwishowe serikali ilitoa pesa nyingi ili kununua mafamu na kuyafunga. Walilipwa kufuga zaidi. Kisha wakalipwa kuacha.

Msitu ndani ya kuku

Kuko upande mwingine wa hesabu ile, nao unatugusa sisi watu wa msitu. Kuku ya kiwanda haitafute wadudu. Inakula mahindi na soya. Karibu robo tatu ya soya ya dunia inalisha wanyama, haiko watu. Brazil, ambayo ni ya kwanza duniani kwa kuuza kuku inje, ni ya kwanza pia kwa kulima soya. Kule kuko eneo kubwa la miti na majani linaloitwa Cerrado: karibu nusu yake imekwisha kukatwa, kwa sababu ya malisho ya ngombe na ya mashamba kama yale ya soya. Kwa msitu wa Amazon, makampuni ya biashara yalipatana mwaka 2006 kutonunua soya iliyolimwa mahali msitu umekatwa juzi. Mapatano yalisaidia Amazon, lakini hayakufunika Cerrado.

Shirika la FAO lilihesabu mwaka 2023 kwamba ufugaji wote wa dunia unaleta karibu asilimia 12 ya hewa chafu ambayo watu wanatoa na ambayo inapashia dunia joto. Sehemu kubwa inatoka kwa ngombe, haiko kwa kuku. Lakini kila mara tunaambiwa sisi wa Tshopo tulinde msitu kwa faida ya dunia nzima. Ni haki kusema pia kwamba sahani ya nyama ya mbali inakula msitu wa wengine.

Tatu ni dawa. Wanyama elfu ishirini wakikaa pamoja, ugonjwa wa moja ni ugonjwa wa wote. Basi kwa miaka mingi mafamu yaliweka antibiotiki ndani ya chakula, hata kwa wanyama wazima, ili wakue mbio. Mikrobe zinazoea dawa na zinakuwa sugu, kisha zinatoka na mavi, zinaenda kwenye udongo na mayi. Ulaya ilikataza antibiotiki za kukuza wanyama kuanzia Januari 2006. Mwaka 2015, watafiti wa China walitangaza kwamba walikuta kwa nguruwe mikrobe zinazoshinda kolistini, dawa ambayo waganga wanachunga kwa mgonjwa ambaye dawa zingine zimeshindwa. China ikakataza kuiweka ndani ya chakula cha wanyama. Kwetu, mahali mtu ananunua antibiotiki kwa kidonge kimoja-kimoja barabarani, mikrobe sugu haiko habari ya mbali.

Na sisi ndani ya jambo hili?

Hatuandike ili kumwambia mama wa Mangobo aache kununua paja la frigo. Watoto wako na haja ya nyama. Tena, tuseme ukweli wote: kilo ya kuku iliyofika kwa mto inaweza kuokoa mboloko ao nyani moja ndani ya pori. Karibu na karie nyingi, wanyama wa pori wamekwisha, na mwindaji anatembea siku nzima bila kuona kitu. Kama kuku ingekosekana kabisa, pori lingelipa.

Maneno yetu ni juu ya kesho. Kila mara serikali inarudilia kwamba inchi ijilishe yenyewe. Iko neno la haki. Tena tunajua vile wakubwa wanapenda kulifanya: mradi mkubwa, ardhi kubwa, mashine kubwa. Julai 2014 walifungua parke ya kilimo ya Bukanga-Lonzo kwa sherehe. Mwaka 2017 kazi ilisimama. Siku moja mtu atakuja Kisangani na mradi wa nyumba kubwa za kuku ao za nguruwe. Atasema kazi, atasema bei ya chini. Wengi watashangilia, na hatutawalaumu.

Na haiko paka wakubwa. Wachimbaji wengi, wakipata kitu, wanawaza kuacha shimo na kufungua ufugaji mjini. Ni wazo zuri: kuku haiangukie mtu kama ukuta wa shimo. Lakini kuku 500 zikipandishwa mpaka 5,000 kwenye kiwanja cha mji, maneno ya Bretagne yanaanza kufika kwetu polepole.

Angalieni mji wetu. Mvua ya Kisangani ni zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, na hakuna mwezi inakosekana kabisa. North Carolina ilingojea kimbunga ili mabwawa yafurike. Kwetu, mvua moja ya Oktoba inatosha. Regideso inachukua mayi kwenye mto Tshopo. Watu wengi ambao bomba haiwafikie wanakunywa mayi ya kisima na ya vyanzo, chini ya nyumba, chini ya vyoo, chini ya vibanda vya nguruwe. Mayi yenye naitrati nyingi kutokana na mavi haionekane kwa macho. Haina rangi, haina harufu. Lakini kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga yaliyochanganywa na mayi yale, damu inashindwa kubeba hewa vizuri, na anaweza kugeuka rangi ya bluu. Na Wagenia wetu, kwenye maporomoko, wanaishi kwa samaki. Samaki haivumilie mayi yaliyokosa hewa.

Sheria iko. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 53, inasema kila mtu ako na haki ya mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaomba kwamba mradi wowote unaoweza kuharibu mazingira, hata ule wa kilimo, ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara yake, na watu wa pale waulizwe. Kwa mambo ya migodi, wachimbaji wanajua vile karatasi kama ile inaweza kulala kwenye biro. Lakini karatasi ambayo watu wanaijua na wanaidai hailale kwa urahisi.

Basi mtu akileta mradi mkubwa, tusianze kwa kuuliza atatoa kazi ngapi. Tuulize: mavi itaenda wapi, kwa shamba la nani, hekta ngapi? Bwawa liko na dari ao liko wazi? Liko umbali gani na mto, na kisima? Chakula kitatoka wapi? Mradi ukifa, nani atasafisha? Mtu ambaye ako na majibu, tumpokee kwa mikono miwili. Yule ambaye anacheka maswali, tumekwisha kumuona mara mingi kwenye karie.

Kwa yule ambaye anaanza padogo

Ndugu mchimbaji, dada, mama ambaye unataka kufuga: hapa tuko na bahati ambayo Bretagne haina. Udongo wa Tshopo ni mchovu. Msitu unaudanganya mtu na ukijani wake, lakini ukikata na kuchoma, kisha mavuno mawili ao matatu mihogo inakuwa midogo, na unatafuta pori lingine. Kile ambacho kule kinajaa na kuua, hapa kinakosekana. Mavi ya kuku moja iliyochungwa vizuri ni pesa.

Weka maranda makavu chini ya kuku, na uyageuze mara kwa mara ili harufu ya amonia isipande. Ukiyatoa, yarundike mahali pakavu, chini ya dari, mita 30 ao zaidi kutoka kisima, na upande wa chini wake. Yaache miezi miwili ao mitatu yapate joto na kupoa. Kisha peleka kwa bustani ya matembele, ya nyanya, ya ndizi. Ao uza kwa kiloba kwa wamama wanaolima bonde. Toleka anaweza kubeba viloba viwili kwa safari moja. Usijenge kibanda cha nguruwe juu ya kijito, hata kama ni rahisi kuosha: jirani wa chini anakunywa pale. Usichanganye antibiotiki ndani ya chakula cha kuku nzima. Mnyama akiugua, mwite veterineri, na ngoja siku alizosema kabla ya kuchinja ao kuuza mayai.

Na usifuge kupita ile ambayo ardhi yako, ao ya majirani wanaokubali, inaweza kula mavi yake. Ile ndiyo hesabu ya pili. Ku Bretagne na ku North Carolina waliifanya mwishoni, wakati samaki zilikuwa zimekwisha kufa. Sisi tuko na nafasi ya kuifanya mwanzoni, wakati mayi ya Tshopo na ya Lindi bado yananyweka.